Juu ni Kusini

Mwajiri wangu mjini Doha alikuwa mtaalamu wa fasihi ya kale ya Kijapani, naye alikuwa Msudani. Watu nikiwaambia hivyo hubaki wananitazama, kama vile bado sijafika mwisho wa maelezo. Mwisho ndio huo. Alizaliwa Omdurman, akapelekwa Japani akiwa kijana kwenda kusomea pampu za maji, siku moja ya mvua akaingia darasa lisilo lake ili asilowe, na hakutoka tena. Nilipoanza kumwendesha alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, anaishi peke yake kwenye fleti Al Sadd iliyojaa vitabu mpaka jikoni, na kazi yake ilikuwa kutafsiri kwa Kiarabu maandishi ya watu wa ikulu ya Japani waliokufa miaka elfu iliyopita. Vitabu vyake vingi zaidi vilibaki Omdurman, kwenye nyumba ambayo, kwa vita vya kule, hakujua kama bado ina paa.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimesoma mpaka darasa la saba. Kiarabu changu kilianzia madrasa kikamalizikia barabarani. Nilimwita Ustadhi, yeye aliniita akhi, yaani ndugu yangu, na mazungumzo yetu ya Kiarabu nayaandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa.

Miezi ya mwanzo kazi ilikuwa nyepesi. Ofisi yake West Bay, maktaba kubwa, daktari wa meno, msikiti Ijumaa. Ustadhi alikaa kiti cha nyuma na lenzi yake, hakuinua macho. Mji wa kale wa Kijapani aliujua uchochoro kwa uchochoro, mji ambao umeungua na kujengwa mara nyingi mpaka haupo tena. Doha hakuijua hata njia ya kwenda kununua mkate. Tukifika mahali alikuwa anauliza, "Tumekwenda upande gani?" nami nikimjibu hakusikiliza jibu.

Kisha asubuhi moja, gari likiwa bado limeegeshwa chini ya jengo lake, akaniuliza:

"Akhi, kwenu kuna siku mbaya ya kusafiri?"

Nikamwambia bibi yangu alikuwa haruhusu mtu atoke safari Jumatano ya mwisho ya Mfunguo Tano, mwezi wa Safar. Alikuwa anasimama mlangoni kabisa.

"Na wewe uliamini?"

"Mimi nilikuwa nataka kwenda mpirani, Ustadhi."

Jibu hilo lilimfurahisha, sijui kwa nini. Akanieleza kwamba watu wake wa ikulu walikuwa na jambo kama hilo, ila lao lilihusu pande. Kuna mkubwa mmoja wa mbinguni ambaye hazibi njia zote kwa pamoja. Anakaa siku chache upande huu, kisha anahamia upande ule, anazunguka hivyo mwaka mzima. Upande aliopo umefungwa. Huendi moja kwa moja. Ukiwa na shughuli huko, unaondoka kwanza unakwenda kulala nyumba nyingine iliyo upande ulio wazi, wenyeji wanakupokea na kukukirimu, na kesho yake unaanza safari kutoka pale, ili umfikie mkubwa kwa ubavu na si uso kwa uso.

"Vitabu vyao vimejaa habari hizi," alisema. "Upande ulifungwa, tukaenda kulala kwa fulani. Upande ulifungwa, hatukuweza kuja. Sasa kuna mwenzangu mmoja, profesa, ameandika kwamba kilikuwa kisingizio. Kwamba hakuna aliyeamini. Wanaume walitaka kulala nje, wanawake walitaka kutokutembelewa, basi wakasema upande umefungwa."

"Na wewe unasemaje?"

"Nimesema miaka thelathini kwamba waliamini. Wamenicheka miaka thelathini. Mwaka huu nitaishi kama wao, kwa kalenda yao, halafu nitaandika nilichokiona."

Nikamuuliza kama hilo si shirki. Nilimuuliza kwa moyo mweupe, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika usukani. Akalichukua swali langu kwa uzito. Akafikiri mpaka kiyoyozi kikaanza kutugandisha, akasema ni utafiti, si ibada, na kwamba kila safari tutaanza na bismillahi.

Akanipa karatasi. Alikuwa ameichora mwenyewe kwa kalamu ya brashi: duara lililokatwa vipande kumi na viwili, kila kipande na herufi ya Kijapani. Mkubwa akihama, Ustadhi alikuwa anafuta kwa wino mweupe na kupaka kipande kingine wino mwekundu, kisha ananirudishia. Hakutaja upande kwa jina. Alisema si adabu kumtaja mkubwa akiwa nyumbani kwake. Nami sikuuliza. Niliibandika karatasi kwenye dashibodi, kando ya simu yenye ramani, nikawa natazama nyekundu iko wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kufanya kazi.

Nyekundu ikiwa upande wa West Bay, ofisini hatukwenda moja kwa moja. Na kwa kuwa Ustadhi hakuweza kulala nje kila mara kwa ajili ya mkutano wa nusu saa, alitafuta ruhusa kwenye vitabu vyake, akaipata au akajipa, sijui. Ilitosha kupumzika nyumba nyingine, kufumba macho, na kukirimiwa. Nyumba yetu nyingine ikawa kijiwe cha karaki, ile chai ya maziwa na iliki, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, karibu na chumba nilichokuwa naishi na Watanzania wenzangu. Muuza chai, Mhindi wa Kerala, aliweka kiti cha plastiki kando ya mlango. Ustadhi alikuwa anakaa, anavua miwani, anafumba macho. Akifumbua, anapewa chai na chapati kama mgeni aliyeamka. Kisha tunakwenda West Bay kwa njia ya mbali.

Mwenzangu wa chumbani, Mzanzibari, mlinzi wa hoteli West Bay, alikuwa anapita pale akienda zamu. Siku ya kwanza alisimama.

"Yakhe, huyu mzee anaumwa?"

"Amelala."

"Kalala? Mbona kakaa wima?"

"Ni kazi yake."

Akamtazama, akanitazama. "Mie nasimama mlangoni masaa kumi na mbili, nikifumba jicho nakatwa mshahara. Mwenzio akifumba anaandika kitabu."

Ofisini walikuwa wanapiga simu kuuliza tuko wapi. Ustadhi aliniagiza niseme ukweli, nami mtu wa uongo si mimi, kwa hiyo nilisema, "Njia imefungwa." Hakuna aliyeuliza zaidi. Doha daima kuna barabara inachimbwa, kuna daraja linajengwa, kuna mshale wa njano unaokupeleka usikotaka. Mkuu wa ofisi alinipa pole. Aliwahi hata kuniambia, "Na huku kwetu pia wamefunga." Nilimwambia Ustadhi, naye akaandika maneno hayo mahali.

Siku nyingine daktari wa meno alikuwa upande uliofungwa, na Ustadhi alikuwa na jino linalomuuma mpaka shavu limevimba. Alikwenda kwanza kufumba macho kwenye kiti cha plastiki huku ameshika shavu. Nilimwambia, "Ustadhi, hata mkubwa atakuonea huruma." Akasema, bila kufumbua macho, kwamba hapo ndipo utafiti ulipo, kwa sababu mtu wa kisingizio angekwenda moja kwa moja. Muuza chai hakutaka kumpa chapati. Akampa maziwa.

Wakati huohuo mke wangu alikuwa anaumwa Tanga. Figo. Alikuwa anapelekwa hospitali kusafishwa damu kila wiki, na pesa niliyokuwa natuma ilikuwa inakwenda huko. Sisemi hili ili nionewe huruma. Nasema ili ijulikane kwamba wakati namzungusha mzee wa watu kwenye vipilefti kumkwepa mtu asiyeonekana, kichwa changu kilikuwa kwingine, na kuzunguka kulinisaidia. Mtu anayezunguka ana jambo la kufanya.

Msimu wa baridi ulipoingia Ustadhi akataka kwenda Al Khor kuona ndege wa majini, kwa sababu kuna shairi alilokuwa anatafsiri lenye ndege wa majini, naye alikuwa hajawatazama ndege wa kweli kwa muda mrefu. Nikatazama karatasi. Nyekundu ilikuwa chini, kusini. Al Khor ni kaskazini. Nikamwambia, "Leo njia nyeupe kabisa, Ustadhi." Tukaenda moja kwa moja, bila kiti cha plastiki, bila chai. Alikuwa mchangamfu. Aliniimbia wimbo wa kwao wa harusi.

Kule kuna mikoko. Niliposhuka garini ilinijia harufu ya tope la nyumbani, nikasimama nikiivuta. Simu ikaita. Alikuwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu.

"Shemeji, uko mahali pa kukaa?"

Nikajua. Nikakaa chini pale mchangani.

"Ametangulia asubuhi hii. Tunazika saa kumi."

Nikamwambia, "Zikeni." Kutoka mikokoni kule mpaka Tanga huwezi kufika saa kumi, hata ungepewa mbawa. Ustadhi alikuwa mbali kidogo, amenipa mgongo, anahesabu ndege kwa kidole.

Hata kuhani, Ustadhi alikuja kwa namna yake ile ile. Alipanda ngazi mpaka chumbani kwetu na boksi la tende, amevaa kanzu nyeusi. Sisi tulikuwa tumetandika mkeka. Akasoma Fatiha, akakaa nasi mkekani. Kisha, nadhani kwa kutaka kunifariji, akasema kwamba kwenye ikulu ile mume alimwombolezea mke miezi mitatu, na mke alimwombolezea mume mwaka mzima.

Yule Mzanzibari akasema, "Kumbe hata huko."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikashangaa kujisikia nacheka. Ustadhi akaona aibu akaanza kugawa tende.

Maziko nilikuwa nimeyakosa. Nikaweka nia moja tu, kwamba arobaini sitaikosa. Kwetu siku ya arobaini inasomwa hitma, watu wanakula, na yule aliyeondokewa anakuwepo pale, anaonekana na watu kwamba yupo. Binti yetu aliniambia kwenye simu, "Baba, kila anayekuja anauliza baba yuko wapi. Nimechoka kujibu." Nikamwomba Ustadhi likizo. Alinipa kabla sijamaliza sentensi. Nikakata tiketi ya moja kwa moja mpaka Dar es Salaam, na hesabu yangu ilikuwa nishuke, nipande basi, niamkie Tanga asubuhi ya hitma. Ilikuwa inatosha, ila bila nafasi ya kukwama popote.

Siku mbili tatu kabla ya safari Ustadhi aliniita nyumbani kwake. Kalenda yake ilikuwa imefunguliwa mezani, na uso wake haukuwa mzuri. Kwa mara ya kwanza aliutaja upande kwa jina.

"Akhi, siku yako ya safari, kusini-magharibi imefungwa. Na Tanga iko huko huko."

"Hapana, Ustadhi. Siku hizi iliyofungwa ni West Bay. Jana si tumepita kwa chai?"

"West Bay?"

"Nyekundu iko West Bay. Wewe mwenyewe umepaka."

Akaniambia nikalete karatasi garini. Nikashuka na lifti, nikaibandua, nikapanda nayo. Nikaiweka mezani mbele yake vile vile ilivyokuwa inakaa kwenye dashibodi.

"Unaibandika hivi?"

"Hivi."

"Kichwa juu?"

"Juu."

"Na juu ni wapi?"

"Kaskazini, Ustadhi. Kwani juu ni wapi tena?"

Akavua miwani. "Juu ni kusini," alisema taratibu. "Kwenye michoro ya kale juu ni kusini. Mfalme anaketi akielekea kusini. Kila mtu anajua."

Alikuwa ameshajisikia mwenyewe alichokisema. Kila mtu aliyekuwa naye, wa kujua hilo, alikuwa amekufa miaka elfu.

Tukakaa tunaitazama ile karatasi. Mimi nilikuwa naanza kuona kichekesho chake. Miezi yote ile tulikwepa upande uliokuwa wazi, na siku tulizojiona tuko salama ndizo tulizomwendea mkubwa uso kwa uso. Jino lilimuuma pale kwenye kiti cha plastiki bure. Chapati zote zile bure. Nilikuwa karibu kucheka, nikamtazama, nikaacha. Alikuwa anarudisha kurasa za kalenda nyuma, moja baada ya moja, na kidole kikasimama.

"Siku ya ndege wa majini," alisema.

"Ndiyo."

"Kaskazini ilikuwa imefungwa. Na sisi tulikwenda moja kwa moja."

"Ustadhi."

"Nilikuwa naimba."

"Ustadhi, mke wangu amekufa kwa figo. Hakufa kwa barabara ya Al Khor."

"Najua. Najua ni figo, akhi. Mimi si mtoto."

Lakini aliifunga kalenda, kisha akaifungua tena ukurasa ule ule.

Akasimama akaleta ramani kubwa na rula. Akanionyesha. Kutoka Doha kwenda Jidda ni magharibi, huko kuko wazi. Kutoka Jidda kwenda Tanga ni kusini tupu, kuko wazi. Kilichofungwa ni hapo katikati, ambapo tiketi yangu inapita. Akaniomba nibadilishe safari, niende Jidda, nilale usiku mmoja, kesho yake niendelee. Gharama ni yake.

"Nitafika hitma imeshasomwa."

"Utafika siku inayofuata."

"Siku inayofuata ni masufuria tu, Ustadhi. Wanaosha masufuria."

"Akhi, nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu. Alikuwa mtu wa kusema "twende" na "simama hapa". Ningekuwa najua anafanya utafiti ningekataa kwa urahisi. Lakini hakuwa anafanya utafiti. Alikuwa mzee ambaye nyumba yake iko vitani, ambaye kila asubuhi anafungua simu kuona nani wa kwao hajibu tena, na sasa alikuwa anaogopa nisije nikawa mmoja wao. Nilimwambia nitafikiri, na ni kweli nilifikiri, ila jibu langu lilikuwa lile lile.

Chumbani nikamsimulia Mzanzibari. Aliniacha nimalize, akajifuta machozi ya kicheko, kisha akakaa kitandani.

"Sasa wee si umemshindia kesi yake?"

"Kesi gani?"

"Si alikuwa anabishana na mwenziwe kama kuna mtu anaamini mambo hayo? Kampata. Ndiye yeye."

Asubuhi nikamwambia Ustadhi kwamba nakwenda moja kwa moja. Maziko nimekosa, arobaini sikosi. Nilisema nikiwa nimesimama, kama mtu anayeomba radhi, ila sikuomba radhi. Akainamisha kichwa. Kisha akasema basi angalau nisianzie safari nyumbani kwangu. Nilale kwake Al Sadd.

"Toka Fereej Bin Mahmoud mpaka hapa ni kama kurusha jiwe, Ustadhi. Itabadilisha nini?"

"Haibadilishi kitu. Nimepima na rula. Lakini ni adabu."

Nikakubali. Jioni ya kuamkia safari nikaenda Al Sadd na begi langu, mara ya kwanza kupanda kule bila ufunguo wa gari mkononi. Kumbe mwenyeji wa msafiri anayekwepa upande lazima amkirimu kwa mikono yake. Ustadhi alikuwa amepika asida, ule ugali wao laini, na mchuzi wa bamia kavu, akiwa amefunga kiunoni taulo la kuogea. Moshi ulikuwa mpaka sebuleni. Hakukubali nimsaidie. Hakukubali hata kukaa nami kula. Alisimama kando na jagi la maji, mzee wa watu, mtu anayeandikiwa barua na vyuo vikuu, anangoja nimalize ili aninawishe.

"Kaa basi, Ustadhi. Tonge haipiti."

"Mwenyeji hakai."

"Hata kwenye kitabu chako hakuna mwenyeji aliyechoka?"

Akafikiri. "Yupo mmoja," alisema, akavuta kiti akala. Asida ilikuwa na madonge. Nilikula yote.

Alinipa zawadi pia, kwa sababu mgeni lazima aondoke na nguo. Ilikuwa kanzu mpya ya rangi ya majivu. Aliniambia ndiyo rangi ya msiba ya watu wake wa ikulu, na kwamba alizunguka maduka yote ya Al Sadd kwa miguu kuitafuta. Wauzaji walikuwa wanamletea nyeupe wakidhani macho yake mabovu.

Alfajiri Mzanzibari ndiye aliyeshika usukani kutupeleka uwanja wa ndege, kwa sababu gari lilihitaji mtu wa kulirudisha, na Ustadhi kuendesha ilikuwa balaa kubwa kuliko upande wowote uliofungwa. Mlangoni Ustadhi alinishika mkono. Mzanzibari alisema, "Nenda zako, yakhe. Mkubwa akikusimamisha mwambie umetumwa na mie."

Ndege iliruka. Mbele ya kila kiti kuna kioo kidogo chenye ramani, na ndege ndogo nyeupe inayojivuta juu yake. Mimi huwa siangalii. Siku hiyo niliangalia. Nilingoja pua ya ile ndege igeuke kushoto kuelekea kwetu, haikugeuka. Iliendelea magharibi, juu ya jangwa la Saudia, jangwa na jangwa. Nikadhani nimepanda isiyo yangu. Kisha rubani akasema kwenye kipaza sauti, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, kwamba kwa sababu ya mambo ya usalama sehemu ya anga imefungwa, na kwamba tutazunguka kwa upande wa magharibi kisha tushuke kusini. Aliomba radhi kwa kuchelewa.

Niliposikia neno lile, imefungwa, nilisogea mbele kwenye kiti. Abiria wa pembeni yangu, mama mmoja wa Morogoro anayefanya kazi za nyumbani Doha, aliniuliza kama naogopa.

"Tunachelewa sana?" nikamuuliza mimi.

"Sijui, baba. Una haraka?"

"Nina arobaini ya mke wangu kesho."

Akasema, "Mungu atakufikisha," akanipa peremende.

Sikuwa na uhakika wa kufika. Nilikuwa nahesabu basi la Tanga kichwani, naliona linaondoka bila mimi. Na pale kwenye kioo, mbele ya ile ndege nyeupe, likajitokeza jina la Jidda. Tukaisogelea. Tulipokuwa juu yake kabisa, nilifanya jambo ambalo sikulipanga. Nilikaa wima, nikafumba macho, nikakaa hivyo kwa kitambo. Nilipofumbua, mhudumu alikuwa amesimama kwenye ujia na gari lake la vinywaji, ananiuliza chai au kahawa. Nikachukua chai. Yule mama akaniuliza mbona nacheka, nikamwambia nimelala Jidda. Akanitazama, akaniongezea peremende nyingine.

Baada ya hapo pua ya ndege iligeuka, ikashuka kusini tupu, kama rula.

Basi la kawaida nilikuwa nimeshalikosa. Nilipata nafasi kwenye gari dogo lililokuwa linapeleka vifaranga vya kuku Korogwe, nikasafiri na vifaranga, wakilia njia nzima, na kutoka Korogwe nikapata lifti mpaka Tanga. Nilipofika kwetu masufuria yalikuwa motoni na misahafu ilikuwa ndiyo kwanza inagawiwa. Binti yangu aliniona kabla ya wengine. Hakukimbia, hakulia. Alisema kwa sauti, kuwaambia wote waliokuwa pale uani, "Baba huyu hapa."

Nilikuwa nimevaa ile kanzu ya majivu katikati ya kanzu nyeupe za watu wote. Shemeji yangu alinipa juzuu, akaninong'oneza, "Shemeji, hii umeifua pamoja na soksi?" Nikamwambia nitamweleza. Mpaka leo sijamweleza yote.

Baada ya kula nilikwenda makaburini peke yangu, nikakaa naye. Nikiwa palepale simu ikaita. Ustadhi.

"Umefika?"

"Nimefika. Imesomwa nikiwepo."

Nilimsikia akitoa pumzi. Kisha akauliza alichopigia simu. "Mlipita wapi?"

"Anga ilikuwa imefungwa, Ustadhi. Tulikwenda magharibi mpaka Jidda, ndipo tukashuka."

Nilimsikia akivuta kiti.

"Jidda ulilala?"

"Kidogo. Nikapewa na chai."

Nyuma yake nilikuwa nasikia magari ya Al Sadd. "Na sasa uko wapi?"

"Nipo kaburini kwake."

"Ameelekea wapi?"

Swali hilo asingeniuliza mtu mwingine. Maiti analazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla. "Kwetu kibla ni kaskazini," nilimwambia. "Ameelekea kaskazini."

"Kaskazini," alisema Ustadhi. "Huku tuliko sisi."

"Huko huko, Ustadhi. Mnapinda mashariki kidogo tu."

Nikasikia karatasi, nadhani ile ya duara, ikigeuzwa juu ya meza, kisha ikigeuzwa tena.